Mama Mkwe Nyuma ya Mlango

Jumamosi, 4 Septemba 1993. Kiboko

Maombi. Kumbukumbu za mkutano uliopita. Kujitambulisha, ingawa tunajuana sisi sote mpaka majina ya watoto. Chai na mandazi. Watu wakishashiba na macho yamelegea, ndipo napewa ubao.

Stima ikapotea kabla sijawasha kompyuta. Nikaandika programu kwa chaki. Mtu anatoka mjini Wote asubuhi na mapema kuja kufundisha kompyuta kwa chaki.

Chama chetu cha waandishi wa programu, Kitui na Makueni, kimenipa kazi ya kueleza mambo mapya. Hakuna mwingine aliyeitaka. Leo ilikuwa BASIC mpya, lugha ya kuandikia programu. Ile ya zamani kila mstari una namba, na ukitaka programu iruke mahali unaitajia namba. Mpya haitaki namba. Unaipa sehemu jina, unaiita kwa jina, basi. Jambo la nusu saa. Limekula saa mbili na hakuna aliyelibeba kwenda nalo nyumbani.

Mutiso, mwenyekiti wetu, ameuliza faida yake kwa mwananchi. Mwingine ameuliza jinsi ya kutoa vumbi kwenye kibodi. Nikamwambia pumzi. Watu wakacheka, hapo ndipo walipoamka.

Na yeye alikuwepo. Mama mkwe. Alikaa stoo, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, leso kichwani, kama kila mwezi. Mimi natazama ubao, yeye anatazama magunia ya mbegu. Nthoni ni nthoni. Kwetu Wakamba mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawakai chumba kimoja, na jina lake halitoki mdomoni mwangu. Hayo niliyajua kabla ya kuoa na sijawahi kulalamika. Lakini waliotunga desturi hii hawakufikiria kuna siku mama mkwe atakuwa mwandishi wa programu.

Mwisho wa mhadhara akamwambia Mutiso, kwa sauti ya kunifikia: "Mkwe wetu anaongea vizuri. Lakini mambo ya kukipa kila kitu jina ni ya watu wasiojua kuhesabu."

Wote wakapiga makofi. Yeye ndiye aliyepigiwa.

Jumapili, 5 Septemba

Kanisani. Mchungaji amehubiri kwamba mila za zamani zinatufunga miguu. Kweli kabisa. Ila mwaka jana nilimwona kwa macho yangu akijificha nyuma ya ghala mama mkwe wake alipopita na kuni.

Nimemwambia Mwende mhadhara ulikuwa bure. Akasema mama yake ameupenda. Nikasema ameusema vibaya mbele ya watu. Akasema huko ndiko kupenda kwake. Ndoa ina mambo.

Jumatano, 8 Septemba

Nina hasira na sijui niielekeze wapi.

Nilikuwa natayarisha mhadhara wa Kitui. Nikaona watu wanataka mfano wa nyumbani, si mifano ya jarida. Nikachukua Programu ya Chanjo. Ni ya mama mkwe. Aliiandika alipostaafu kule Nairobi, ambako alianza kwa kutoboa kadi za kompyuta kwenye ofisi ya serikali na kumaliza akiwa mwandishi wa programu. Hakudai hata soda. Kila miezi mitatu inachapa orodha ya vijiji, chama kinapiga mhuri, na gari la chanjo la hospitali ya misheni linafuata orodha hiyo. Chama chote kinajivunia hiyo programu. Hata mimi.

Nilitaka tu kuiandika upya kwa BASIC mpya ili waone tofauti.

Ikifika zamu ya kata ya Kalamba inaambiwa: nenda mstari 2400, anza kusoma. Zamani vijiji vya Kalamba vilianzia hapo. Mwaka jana wilaya ilipogawanywa, vijiji vitatu vikahamishiwa kwetu, naye akaviongeza. Akaviweka juu: 2370, 2380, 2390. Ile amri ya kuruka hakuigusa. Bado inasema 2400.

Kwa hiyo Kwa Mulei, Yumbani na Kavumbu vimo ndani ya programu, vimeandikwa, unaviona, na havisomwi kamwe. Hakuna kelele, hakuna kosa kwenye kioo. Karatasi inatoka safi.

Nimeipitia mpaka macho yanauma. Nilitamani niwe mimi nimekosea.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimeenda hospitali. Sista Nduku, ndiye anayesimamia gari la chanjo, amefungua orodha zake. Vijiji hivyo havijaona gari tangu wilaya igawanywe.

Nikamwambia basi pitia huko safari ijayo. Akanitazama kama mtoto. Mafuta anapewa kwa orodha. Chanjo anahesabiwa kwa orodha. Akipita kijiji ambacho hakimo, yeye ndiye atakayeandika barua ya kujieleza. "Orodha ina mhuri wenu, Mwalimu. Kama ina makosa, chama kiseme, nami nitaenda hata kesho."

Ana haki. Hiyo ndiyo inayoudhi, kila mtu ana haki yake.

Gari linatoka Jumatatu tarehe 27. Mkutano wa Kitui ni Jumamosi kabla yake. Disketi yenyewe inakaa Kalamba, ndani ya kiondo cha mama mkwe. Katika chama hatugusi programu ya mwenzetu bila yeye kukubali. Sheria hiyo niliipendekeza mimi, nikiwa na akili zangu timamu.

Jumamosi, 11 Septemba

Nimesafiri tena mpaka Kiboko kumwona Mutiso. Nikamwonyesha mistari. Akavaa miwani, akavua, akavaa. Amekubali kosa liko.

Nikasema: basi mwambie. Akasema atatafuta njia nzuri. Nikamuuliza ni njia gani. Akasema, "Yule ni mama. Alinifundisha mimi BASIC. Na wewe ni mkwe wake, haya ni ya kwenu nyumbani."

Si ya nyumbani. Ni ya watoto wa vijiji vitatu. Nilimwambia hivyo na akanikaribisha chai.

Sitaki chai ya mtu yeyote tena mwezi huu.

Jumatatu, 13 Septemba

Mutiso amepiga simu shuleni. "Alitafuta njia nzuri." Alimwuliza mama mkwe kama programu iko salama. Akajibu iko salama. Basi, kwa Mutiso mambo yamekwisha.

Jumanne, 14 Septemba

Sikutaka kumtuma Mwende. Nimemtuma.

Alikataa kwanza. Alisema akibeba hayo maneno, mama yake hatasikia habari ya mistari, atasikia kwamba binti ameenda kukaa upande wa mumewe kumhukumu mamake. Nikamwambia ni namba tu, Mwende, namba haina upande. Akasema mimi nimeishi na kompyuta mpaka nimesahau watu. Tukagombana mpaka jirani akazima redio ili asikie vizuri.

Akaenda. Amerudi jioni, miguu imejaa vumbi jekundu, hajavua hata viatu. Akanipa jibu palepale mlangoni: "Mama anasema, anayejua programu yake kuliko yeye aje amwambie mwenyewe."

Aje. Mwenyewe. Anajua siwezi kuja. Anajua hata nikiingia uani lazima atoke kwa mlango wa jikoni. Amenifungia mlango kwa kunikaribisha.

Na Mwende amesema hatabeba tena neno lolote, lake wala langu.

Ijumaa, 17 Septemba

Malili. Nimepita dukani kwa Abdi. Yeye ni mwanachama pia, ameandika programu ya mizigo ya malori ya kaka zake, na si Mkamba, watu wake ni wa kaskazini. Nikafikiri huyu hana nthoni na mama mkwe wangu.

Alinisikiliza huku akipima sukari ya wateja. Halafu akasema haelewi shida iko wapi. Namba mbaya, badilisha namba. Nikamweleza. Akasema hata kwao mama mkwe anaheshimiwa sana, lakini nyumba ikishika moto unamwambia.

Nikamwomba amwambie yeye. Akakubali bila maneno mengi. Akampigia simu kupitia posta ya Kalamba, wakaongea. Akarudi, akashika tena mizani.

"Amesema niwaachie watu wa nyumba moja mambo yao. Kisha akaniuliza bei ya mchele."

Hata Abdi.

Jumapili, 19 Septemba

Kuna surua Yumbani. Tangazo limesomwa kanisani, kuombea familia. Mtoto mmoja amefariki. Wa miaka miwili, wa kike.

Sikuimba. Nilikaa nikitazama mgongo wa benchi la mbele. Yumbani ni 2380.

Najua hata gari lingefika huenda angeugua. Watu watasema hivyo, nami nimejiambia hivyo njia nzima. Haisaidii.

Jumanne, 21 Septemba

Nimeandika Programu ya Chanjo yote upya. Juu ya vijiji vya Kalamba nimeweka jina, KALAMBA. Programu inaambiwa nenda KALAMBA. Ongeza vijiji juu, ongeza chini, itafika tu. Nimeijaribu kila namna. Vijiji vyote vinatoka.

Ni nzuri. Ni programu nzuri sana, na haina kazi, kwa sababu mhuri uko kwa ile nyingine.

Mwende anapita nyuma yangu bila kuuliza naandika nini. Anajua.

Ijumaa, 24 Septemba. Kitui

Nimelala kwa binamu. Kesho nitatumia njia ya wazee: nitasema bila kusema. Nimetunga mfano wa programu ya mbuzi na masoko. Mbuzi watatu wameongezwa zizini, lakini mchungaji anahesabu kuanzia wa nne. Mtu yeyote mwenye masikio ataelewa. Yeye ana masikio.

Jumamosi, 25 Septemba. Kitui

Nitaandika yote na nisirudie kuyasoma.

Maombi, kumbukumbu, kujitambulisha, chai. Sikunywa. Ukumbi wa kanisa. Yeye aliwekewa kiti kwenye chumba cha kwaya, mlango wazi nusu. Stima ilikuwepo, kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Nikaeleza mbuzi. Nilieleza vizuri kuliko siku zote. Watu walicheka, wakauliza maswali ya maana, wakaona wenyewe jinsi namba inavyobaki nyuma vitu vikiongezwa. Nikawaonyesha njia mpya, jina badala ya namba, mbuzi wote wakatoka. Wakapiga makofi, mimi safari hii. Mutiso alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikangoja.

Kutoka chumba cha kwaya akamwambia Mutiso: "Mwambie mkwe wetu mfano ni mzuri. Lakini huyo mwenye mbuzi alikuwa mvivu. Angeangalia namba zake."

Watu wakacheka tena.

Sijui kama hakuelewa au alielewa. Mpaka sasa sijui. Nilijua tu kwamba Mutiso anafungua mhuri na karatasi iko mezani tayari, safi, bila Yumbani.

Nikasema mbuzi hawapo. Nikasema ni vijiji, nikaandika mistari yenyewe ubaoni. Nikasema orodha hii inaruka vijiji vitatu vya Kalamba na isipigwe mhuri.

Abdi akauliza, kwa nia njema kabisa, ili jambo liandikwe kwenye kumbukumbu: "Programu ya nani?"

Ningesema ya mwanachama mwenzetu. Ningesema ya mama yake Mwende. Njia zilikuwa nyingi. Nikasema, "Ya Syombua. Mstari wa Syombua unasema 2400, na Yumbani kuna mtoto amezikwa."

Mzee mmoja wa Mutomo akatoka nje kabisa, kama mtu aliyeona uchi.

Hiyo ya mtoto ningeiacha. Jina, labda lilihitajika. Mtoto, hapana. Nilitaka aumie. Nilikuwa nimezungushwa wiki tatu na nilitaka mtu mwingine aumie.

Kiti kilisogea chumba cha kwaya. Akatoka. Sijawahi kumwona akitembea kuja upande wangu. Ni mfupi kuliko nilivyodhani. Leso ilikuwa mabegani, kichwa wazi, nywele nyeupe. Nikageuka ukutani kwa mazoea, nikasikia hatua zake zikipita nyuma yangu mpaka kwenye ubao, ambako nilikuwa nimeandika mistari yake. Alikuwa anasoma, nilisikia akinong'ona namba kwa Kikamba.

Kisha chaki. Nilipogeuka, 2400 ilikuwa imefutwa kwa kiganja na pale pameandikwa 2370. Mwandiko mzuri, wa ofisi. Akatoa disketi kwenye kiondo, akaiweka mezani mbele yangu, si mbele ya Mutiso. Akatoka kwa mlango mkubwa.

Nikairekebisha namba kwenye disketi, Mutiso akachapa orodha mpya, akapiga mhuri. Tukafunga kwa maombi.

Jumatatu, 27 Septemba

Gari limeondoka. Nilienda hospitali kuhakikisha. Sista Nduku alinionyesha karatasi: Kwa Mulei, Yumbani, Kavumbu, vyote. Alinishukuru. Nikasema shukuru chama.

Mwende alipata habari kabla sijafika nyumbani Jumamosi. Hakunigombeza. Ameuliza kitu kimoja tu: "Ulimtaja?" Nikasema ndiyo. Akaenda kuchota maji, na maji yalikuwepo.

Jumamosi, 2 Oktoba

Gari limerudi, masanduku ya chanjo matupu. Sista anasema Yumbani watu walipanga mstari tangu alfajiri, wengine wametoka ng'ambo ya mto. Kavumbu walikuwa na watoto sita wagonjwa, wote wanaendelea vizuri.

Nilitarajia nifurahi zaidi. Nimefurahi. Lakini sina mtu wa kufurahi naye humu ndani.

Jumapili, 10 Oktoba

Nimemwomba mchungaji ushauri. Kuna mbuzi wa kupeleka? Kuna maneno? Akasema kwa imani yetu yatosha kuomba msamaha. Nikamuuliza na kwa Kikamba? Akafikiri. Akasema kwa Kikamba aulizwe mama mwenyewe, na mimi siruhusiwi kumuuliza.

Asante sana, Mchungaji.

Jumanne, 19 Oktoba

Mwende ametoka Kalamba. Nilimuuliza mama yake anasema nini. Akasema mama hasemi lolote juu yangu. Ameomba tu lile jarida langu lenye BASIC mpya, na Mwende amempelekea bila kuniuliza. Nikasema ni sawa. Nilikuwa bado sijalimaliza.

Jumamosi, 30 Oktoba. Malili

Ukumbi wa shule, zamu ya Abdi kuwa mwenyeji. Alileta sambusa badala ya mandazi na watu wakamsifu kama amefanya muujiza. Nje mawingu yameanza kukusanyika upande wa vilima. Labda wiki hii.

Abdi alikuwa ameandaa chumba cha pembeni na kiti. Mama mkwe akapita bila kukitazama, akaingia kwa mlango wa mbele, kichwa wazi. Alivaa koti la kijivu, nadhani la kazini Nairobi. Akasalimia mmoja mmoja. Akafika kwangu. Sikujua nigeukie wapi, ukuta ulikuwa mbali.

Akanipa mkono. Akanitazama usoni. "Habari ya kazi, Bwana Kyalo."

Hakuniita mkwe wetu. Nikasema nzuri. Mkono wake ni mkavu na una nguvu.

Akaketi mbele kabisa. Nilifundisha sehemu zinazoitwa kwa jina na zinazoweza kupewa vitu vya kufanyia kazi na kurudisha jibu. Alikuwa amelisoma jarida lote. Aliniuliza kitu ambacho hata mimi sikuwa nimekifikiria, nikajibu, akanirudia tena, nikafuta ubao na kuanza upya. Watu waliandika. Hakuna aliyesinzia. Miaka yote nimekuwa nikitafuta mtu wa kunisikiliza hivyo. Amesema ameshaanza kuandika Programu ya Chanjo upya, kwa njia mpya, na atatuletea Desemba. Ni bora kuliko yangu, nimeona kurasa mbili.

Abdi alifurahi sana. Akanipiga bega: "Si nilikuambia? Mmesema, yameisha." Mutiso alikuwa karibu. Alitazama chini, akakusanya vikombe ambavyo si kazi yake kukusanya.

Wakati wa kuondoka mama mkwe akanipa mkono tena, kama anavyowapa watu wa wizara wakija na kwenda. Akanishukuru kwa mhadhara.

Nimefika nyumbani giza likiingia. Mwende alikuwa anasonga ugali. Akauliza kama mama alikuja. Nikasema alikuja, alikaa mbele, tumesalimiana.

Mwiko ukasimama. Akauliza, "Kwa mkono?"

Nikasema kwa mkono.

Aliepua sufuria. Akakaa kwenye kile kigoda kidogo na kufunika uso kwa leso, na mimi nikamaliza kusonga.